Taa ya Joakimu Haizimiki

Benchi lile lina miguu mitatu ya mbao na wa nne wa tofali, na limekaa mbele ya kibanda cha Tadei fundi simu, hapo Katesh, mkabala na yanaposimama mabasi ya Haydom. Asubuhi upepo unashuka kutoka mlimani bila adabu yoyote, unapenya makoti, ndiyo maana kahawa ya Idd huwa imekwisha kabla ya saa nne. Wanaokaa hapo ni walewale. Tadei mwenyewe wanamwita Volti, kwa kuwa hajawahi kuona kitu kilichofungwa kwa skrubu akakiacha salama. Mwalimu Reginald, aliyeletwa na ajira kutoka Bukoba miaka kumi na moja iliyopita, ni Silabasi, maana kwake hata mvua ina mada kuu na mada ndogo. Yonas, dalali wa ng'ombe, ni Mnadani. Idd wa Kondoa ana birika, jiko la mkaa na masikio. Wa mwisho ni Joakimu Mita, fundi cherehani, ambaye utepe wa kupimia haujamtoka shingoni hata sasa, miezi minne tangu ashike mkasi mara ya mwisho. Jumatatu hiyo alifika amefura, kiroba kimebanwa kwapani.

– Idd, mimina. Na asiniulize mtu chochote.

Bila shaka wote wakamuuliza.

Joakimu aliingiza mkono wa kushoto kwenye kiroba, akatoa pedi ya gemu, kile kidude cheusi kinachoshikwa kwa mikono miwili mtu anapocheza mpira kwenye televisheni. Kwenye paji lake palikuwa na mstari wa taa ya buluu, mwembamba, mkali. Jua lilikuwa limeshatoka na bado ilionekana.

– Mnaiona? Nimezima televisheni. Nimezima gemu lenyewe. Nimezima mpaka swichi ya ukutani, Justina akaniuliza kama nahama nyumba. Hii bado inawaka. Mimi mtu mzima, mke ninaye, watoto watatu, nashindwa na taa nyembamba kama uzi!

– Kaka, punguza sauti, abiria wanageuka, akasema Idd.

– Wageuke!

Kuna jambo la kuelezwa hapa, kwa sababu mtu asiyemjua Joakimu angedhani amerukwa na akili. Mwezi wa nane alikwenda kwa kaka yake, huko kijijini Nambis, kusaidia kupukuchua mahindi. Mkanda wa mashine ukamvuta vidole vya mkono wa kulia. Alipelekwa hospitali ya Haydom, akapasuliwa, akafungwa hogo la plasta, na lilipotolewa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja anaitwa Veronica, alimwambia bila kumficha: mifupa imeunga, sasa vidole ni kazi yako. Uvikunje nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, hata vikiuma. Ukiviacha miezi hii vitaganda hivyohivyo, na hapo hata mimi sitakuwa na la kukusaidia. Kanda unga, kamua sponji, chambua maharage. Joakimu alikataa kukanda unga mbele ya watoto wake. Mpwa wake Clement, aliyeko Arusha, wiki sita zilizopita akamtumia gemu la zamani na pedi moja, akasema hii nayo ni mazoezi, mjomba, vidole havikai bure. Veronica alipopigiwa simu alicheka, akakubali. Na leo, Jumatatu hii, basi la saa nne lilikuwa linampeleka kwa Veronica kukaguliwa. Vidole vikizunguka mpini wa mkasi, Januari atakata sare za shule kama kila mwaka. Visipozunguka, hiyo sentensi Joakimu alikuwa hajaimalizia hata kichwani mwake.

– Nipeni maneno, akasema. Nikifika kwa yule dada nimwambie nini? Maana huyu mdudu ndiye aliyeniharibia mazoezi. Yeye na taa yake.

– Imekuharibiaje? akauliza Mnadani.

– Inagonga kwenye kioo cha televisheni! Mpira ukija upande ule siuoni. Nafungwa saba, nafungwa tisa. Jana nimefungwa kumi na moja bila, na Clement alishaniwekea kiwango cha watoto. Halafu inakula chaji. Dakika kumi, kumi na tano, pedi imezimika yenyewe, taa ndiyo imeshiba.

Mnadani akaanza kucheka. Akajizuia. Akashindwa.

– Mita, ng'ombe wangu wananisubiri mnadani Alhamisi, na mimi nimekaa hapa nasikiliza mwanaume anafungwa kumi na moja na televisheni?

Joakimu aliinuka. Kikombe kikamwagika, benchi likayumba kwenye tofali lake, na kwa nukta moja ilionekana kana kwamba Yonas Mnadani atapigwa kwa mkono wa kushoto mbele ya stendi nzima. Silabasi akamshika Joakimu koti.

– Keti. Yonas, omba radhi. Tuliangalie jambo hili kwa mpangilio. Umejaribu nini mpaka sasa?

– Nimejaribu nini! Joakimu akaketi kwa kishindo. Nilibandika tepu nyeusi ya Volti. Taa ikapita pembeni. Nikaongeza ya pili, ikapita chini. Justina akaleta rangi yake ya kucha, nyekundu, tukapaka mara tatu. Taa ikawa zambarau. Nani aliomba zambarau? Nikapaka masizi ya sufuria yaliyochanganywa na samli, pedi ikawa inachoropoka kama sabuni na mtoto akaenda shule na uso mweusi. Justina akaishonea koti. Koti la kaki! Kwenye cherehani yangu. Mimi nimekaa kwenye stuli namwangalia mke wangu anashona, tena mshono umepinda, nami sina la kusema. Nalo likavutika, likavuka, taa ikatoka tena.

Aliposema habari ya koti sauti yake ilishuka kidogo, na wote wakatazama vikombe vyao. Ile cherehani ilikuwa na turubai juu yake tangu Agosti. Ilikuwa mara ya kwanza kufunuliwa, na haikufunuliwa na yeye.

Wakati huo mama mmoja alikuja akaketi mwisho wa benchi, upande wa tofali. Alikuwa wa makamo ya kuelekea uzeeni, mkono wake wa kushoto umening'inizwa kwa khanga iliyofungwa shingoni, mfuko wa safari miguuni.

– Shikamoo mama, wakasema karibu pamoja.

– Marahaba wanangu. Basi la Haydom ni hapa?

– Ni hapa mama, bado kidogo, akasema Idd. Kahawa?

– Nipe, baridi imenishika. Mniite Mama Akonaay. Endeleeni, nisiwakate.

Hakuna aliyekuwa na nia ya kukatwa. Silabasi alikuwa ameshanyoosha kidole.

– Mada kuu: taa. Mada ndogo: taa isiyozimika. Taa ya kawaida ina swichi. Isiyo na swichi hiyo si yako, ni ya aliyekuuzia. Hiyo inakuangalia, Mita. Inahesabu. Umecheza saa ngapi, umebonyeza wapi, kwa kidole gani, umekasirika mara ngapi. Inapeleka.

– Inapeleka wapi?

– Kiwandani.

– Hasira zangu wazifanyie nini huko kiwandani?

– Watengenezee nyingine yenye taa mbili.

Joakimu hakupenda habari ya kuhesabu, hasa hapo penye kidole gani. Alimeza kahawa ya moto haraka mno, macho yakamtoka.

– Mwalimu unapotosha umma, akasema Volti. Hicho hakihesabu hata moja mpaka mbili. Mimi nimefungua simu mia ngapi hapa? Hiyo taa ni ya kuua betri. Wanajua betri ikifa utarudi. Wanaweka taa inyonye polepole, wewe unadhani ni bahati mbaya, kumbe umepangiwa. Hata tochi za siku hizi ziko hivyo. Hata wewe, Mita, ukienda hospitali...

– Usiingize hospitali!

– Nasema kwa mfano.

– Usiingize kwa mfano!

– Nyote hamjui, akasema Mnadani, aliyekuwa bado anatafuta namna ya kusamehewa. Hiyo ni chapa. Mimi nikikupa ng'ombe wangu umlishe kwako, unywe maziwa, umwite jina unalotaka, paja lake lina alama yangu. Hata akae miaka kumi kwenye zizi lako, siku nikipita nikamwona, ni wangu. Sasa hiyo taa ni hivyohivyo. Mwenyewe yuko huko ng'ambo, anatazama kwa setilaiti, anaona buluu Katesh, anasema, aa, yule wangu bado yupo kwa Mita, hajachinjwa. Wewe umepewa kulisha tu!

– Mimi nimepewa na Clement, mtoto wa dada yangu!

– Na yeye alikuwa analisha.

Idd alicheka mpaka mfuniko wa birika ukalia. Kisha akaweka uso wa kazi, akasogeza jiko kwa mguu.

– Mimi sina shule ya mwalimu. Lakini nendeni kwa shemeji yangu Kondoa mkaone. Friji ina taa. Redio ina taa. Waya wa kuunganishia una taa. Chaja ina taa ya kukwambia inachaji, na nyingine ya kukwambia haichaji. Nyumba nzima imejaa macho. Nilikaa siku tatu nikagundua, zinapokezana. Moja ikikonyeza huku, nyingine inajibu kule. Zinasemezana! Ndiyo maana umeme unakatika kila Jumamosi. Umeme umechoka kusikiliza umbea.

– Sasa hapo ndipo pa kuanzia, akasema Silabasi, na kwa kweli alitoa kalamu. Tuandike barua. Kwa kiwanda. Yah: kuharibiwa mkono wa mwananchi kwa njia ya mwanga. Mita anatia saini, sisi tunakuwa mashahidi, nakala kwa Veronica. Akifika hospitali anaitoa, dada anasoma, anaelewa kwamba mgonjwa hakuwa mzembe. Mgonjwa ameonewa.

Neno hilo, ameonewa, lilimwingia Joakimu vizuri kama kahawa. Ndilo alilokuwa akilitafuta tangu usiku. Kwa wiki sita alikuwa amebeba kitu kizito kifuani asichokijua jina, na sasa mwalimu amekipa jina lenye heshima. Aliketi wima. Akaipiga ile pedi kofi.

– Andika! Andika na habari ya zambarau!

– Barua itachelewa, akasema Volti. Lete niifungue, nikate nyaya za taa, tumalizane nayo hapahapa.

– Utaiua.

– Ikifa, si imekufa na taa yake?

Joakimu akampa. Volti akachomoa bisibisi nyuma ya sikio, akaipindua pedi, akakuta skrubu zina vichwa vya pembe tatu ambavyo bisibisi zake zote hazivijui. Akatukana kwa sauti ndogo kwa sababu ya Mama Akonaay. Akajaribu kisu. Akajaribu ufunguo wa kufuli. Taa ikaendelea kuwaka usoni pake, ikamfanyia mashavu ya buluu.

– Hawa watu wana roho mbaya, akasema, sasa na yeye amekasirika kwelikweli. Skrubu za pembe tatu! Kwa nini? Nani alilala akaamka na wazo la skrubu za pembe tatu?

– Mnaona? Mnaona sasa? Joakimu alikuwa anapiga paja. Nilisema mimi! Mnadhani nimechoka kufanya mazoezi? Nimezuiwa!

– Lakini ulikuwa unachezaje basi, akauliza Mnadani, kama kila ulichobandika kimeshindwa?

– Nilipata njia. Lete hapa, Volti.

Akaichukua pedi, akailaza pajani. Kwa mkono wa kushoto aliishika, kidole gumba kikawa kinakimbia kutoka pembe hii hadi pembe ile, kinabonyeza hiki, kinaruka, kinabonyeza kile. Kisha akaunyanyua mkono wa kulia kwa uangalifu, kama mtu anayebeba sahani ya mchuzi, akaulaza bapa juu ya paji la pedi. Vidole vilikuwa vimenyooka, vyekundu kwenye mishono. Buluu yote ikapotea chini ya kiganja.

– Huo hapo. Huu mkono haukuwa na kazi, nikaupa kazi. Unaziba taa tiii.

– Aisee! akasema Volti. Hiyo ni akili.

– Ubunifu, akasema Silabasi. Niandike na hilo?

– Andika! Andika kwamba mgonjwa alijitahidi mpaka dakika ya mwisho. Tangu wiki ya kwanza nimecheza hivi, asubuhi na jioni. Sikukosa siku hata moja. Kidole gumba hiki cha kushoto kimeota sugu, shika uone!

Mnadani akashika akaona. Akatikisa kichwa kwa heshima.

– Mtu amepigana, akasema.

Mama Akonaay alikuwa ameshikilia kikombe chake kitupu. Hakuwa amecheka pale Idd alipowachekesha, wala hakuwa amekasirika pamoja na wengine. Alikuwa akiutazama mkono wa Joakimu. Kutoka ndani ya ile khanga yake kilichungulia kitu cha kijivu, soksi kuukuu iliyoviringishwa ikawa mpira, na vidole vyake vilikuwa vinaibana na kuiachia, vinaibana na kuiachia. Alikuwa amefanya hivyo tangu aketi. Uso wake ulikunjamana kidogo kila alipobana.

– Samahani wanangu, akasema. Mimi gemu silijui. Nataka kuelewa tu.

– Uliza mama, akasema Silabasi, tayari kwa mada mpya.

– Mkono uliopelekwa hospitali ni upi?

– Huu wa kulia, mama, akasema Joakimu.

– Na huo wa kulia ndio umeziba taa?

– Ndiyo.

– Tangu wiki ya kwanza?

– Ndiyo, mama.

– Sasa mazoezi amefanya nani?

Silabasi alitazama alichoandika. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi, penye neno la mgonjwa kujitahidi. Akaifunika kalamu. Volti akaanza kuichunguza bisibisi yake kana kwamba ameiokota njiani. Mnadani akamtazama Idd, Idd akainua birika kummiminia mtu yeyote ambaye angekubali kumiminiwa, na birika likatoa matone mawili na machicha.

– Imeisha, akasema Idd kwa sauti ndogo.

Joakimu alipandwa na hasira, na hakuwa na pa kuitupa. Kwa Mama Akonaay hakuweza, ni mama wa watu na ameuliza kwa heshima. Kwa taa alijaribu, akaona haiko, imefunikwa, tena amefunika mwenyewe. Akaikumbuka ile asubuhi ya kwanza, alipoweka kidole gumba cha kulia kwenye kitufe akabonyeza. Maumivu yalimpanda hadi kwenye bega, akapiga kelele, na mtoto wake mdogo akaacha uji. Aliona aibu. Jioni ile ndipo alipoanza kuiona taa. Kabla ya hapo ilikuwa inawaka vilevile, na wala haikuwa imemkera. Wiki sita zote alikuwa akigombana na tepu, na masizi, na rangi ya kucha, na Justina, na koti la kaki, na kila alipogombana siku ilikwisha na kidole hakikukunjwa. Mungu wangu, alijiambia, nimekuwa mjinga kiasi gani. Alijichukia vibaya sana pale kwenye benchi.

– Vinauma, mama, akasema hatimaye.

– Najua, akasema Mama Akonaay, akabana soksi yake.

Basi la Haydom likaingia na vumbi lake, konda ananing'inia mlangoni anapiga ubavu wa gari kwa kiganja.

– Haydom! Haydom! Wa hospitali twende, hatulali hapa!

Joakimu akasimama upesi mno. Pedi ikamteleza pajani, ikaanguka chini, ikalala chali kwenye vumbi. Taa ikawaka juu kuwaelekea wote, buluu ileile. Mnadani akainama kuiokota.

– Iache, Yonas.

– Nakusaidia tu, kaka.

– Nimesema iache!

Mnadani akaiacha. Joakimu akachuchumaa. Mkono wa kushoto ulitangulia wenyewe, kwa mazoea ya wiki sita, akaurudisha nyuma ya mgongo kama mtu anayemrudisha mtoto mkorofi. Akateremsha wa kulia. Vidole vikagusa plastiki, vikakataa. Akavilazimisha. Jasho likamtoka licha ya upepo wote ule wa mlimani. Kidole cha shahada kikapinda kidogo, cha kati kikapinda kidogo zaidi, akasaga meno, pedi ikainuka kiasi cha upana wa kidole, ikaanguka tena. Akatukana, safari hii kwa sauti, na hakuna aliyemkemea.

Mama Akonaay alikuwa ameshapanda ngazi ya kwanza. Alisimama hapo, kashika chuma cha mlango, hakusogea, na abiria wa nyuma yake hawakuwa na pa kupita.

– Wewe mzee! akapiga kelele konda. Unapanda, hupandi?

– Nitapanda nikishaokota.

– Si uokote basi na huo mkono mzima, tuondoke!

Joakimu hakuinua uso. Vidole vilikuwa vimeanza tena kutambaa kwenye plastiki, na taa ilikuwa ikipenya katikati yake.

– Huo mzima hauna safari, akasema. Mwenye safari ni huu.